Husen Niliyemtunga

Katika makala moja niliyoichapisha miaka kadhaa iliyopita yumo mtu ambaye hakuwahi kuishi. Jina lake ni la mtu wa kweli. Tarehe ya kuzaliwa ni ya kweli na ya kufa ni ya kweli. Alizaliwa Dar es Salaam, akafia katika kambi ya Wanazi ya Sachsenhausen, na hayo nayo ni kweli. Ila yaliyo katikati ya tarehe hizo mbili, mengi niliyatengeneza mimi. Wasomaji walinipongeza. Wapo walioniandikia kwamba walitokwa na machozi. Leo naeleza nilivyofanya, na nianze kwa kujinyima udhuru ulio rahisi kuliko wote: sikukosea kwa kutojua. Niliyoyaacha niliyajua. Yalikuwa ndani ya daftari langu, mengine nimeyapigia mstari kwa wino mwekundu.

Mtu mwenyewe ni Mahjub bin Adam Mohamed, ambaye Berlin ilimjua kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari Msudani wa jeshi la Wajerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza alikuwa mtoto wa miaka kumi, akaingia jeshini pamoja na baba yake. Mwaka 1917 alijeruhiwa kwenye mapigano ya Mahiwa, kule Lindi, akatekwa na Waingereza. Baada ya vita alifanya kazi melini, na mwaka 1929 akashuka Ujerumani, akaenda zake Berlin kudai mshahara wa baba yake na wake mwenyewe ambao jeshi lilikuwa halijaulipa. Wizara ya Mambo ya Nje ikamwambia amechelewa. Akabaki huko. Alihudumu mezani katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe karibu na Potsdamer Platz, na chuo kikuu alisaidia kufundisha Kiswahili. Januari 1933 alioa mwanamke wa Kijerumani, siku chache kabla Hitler hajawa Kansela. Agosti 1941 alikamatwa kwa tuhuma ya uhusiano wa kimapenzi na mwanamke mweupe. Bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote, mwishoni mwa Septemba akapelekwa Sachsenhausen. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944.

Hayo niliyaandika karibu hivyo hivyo, na hakuna neno la uongo ndani yake. Lakini angalia mbinu. Niliweka ndoa mwishoni mwa aya moja, kukamatwa nikakuweka mwanzoni mwa aya iliyofuata, nikamwachia msomaji aunganishe. Akaunganisha: maskini, wamemuua kwa kumpenda mkewe. Mwanamke wa tuhuma ile hakuwa mkewe. Alikuwa mwanamke mwingine, wa wakati Husen alipokuwa akicheza filamu. Na kabla ya huyo alikuwa amekwisha zaa na Mjerumani mwingine nje ya ndoa. Nilikaa na jambo hili jioni nzima, nikaona linaniharibia hadithi, nikalifuta.

Kufuta ni kosa dogo, kwa wanaotaka kuyapima makosa. La pili lilikuwa kubwa zaidi, na linahusu sare.

Wajerumani walipopokonywa makoloni mwaka 1919, wengi hawakukubali. Vilikuwapo vyama vya kudai makoloni yarudishwe, na vyama hivyo vilihitaji ushahidi kwamba Waafrika walikuwa wakiwalilia mabwana wa zamani. Husen aliwafaa mno. Kwenye mikutano yao alisimama akiwa amevaa sare ya askari, yule "askari mtiifu" wa hadithi zao. Mwaka 1934 aliomba nishani ya heshima waliyopewa wapiganaji wa mstari wa mbele, akanyimwa. Akavaa hivyo hivyo alama za kijeshi alizozinunua dukani. Alijiunga na onyesho la kuzunguka mijini lililoitwa Deutsche Afrika-Schau, ambako watu weusi waliokosa kazi waliwaonyesha Wajerumani "Afrika" kwa kiingilio. Vita vya Pili vilipoanza mwaka 1939 alijitolea kuingia jeshi la Hitler, na hapo pia wakamkataa.

Halafu filamu. Alicheza katika nyingi, kwa kawaida sehemu ndogo za mhudumu, mtumishi au mpagazi. Sehemu yake kubwa kuliko zote ilikuwa katika *Carl Peters*, iliyotolewa Machi 1941. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa Peters ni nani. Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na hata Wajerumani wenyewe mwishowe walimfukuza kazi kwa unyama wake kule Kilimanjaro. Filamu inamfanya shujaa aliyeponzwa na Wayahudi na wanasiasa wa Berlin. Hans Albers, nyota mkubwa wa zama zile, ndiye Peters. Husen ni Ramasan, kiongozi wake wa njia na mkalimani. Kijana wa Dar es Salaam, katika filamu ya chuki dhidi ya Wayahudi, akimfasiria Mkono wa Damu maneno yake. Miezi michache baadaye yeye mwenyewe akawa mfungwa wa SS, kikosi cha Wanazi kilichosimamia kambi.

Katika makala yangu filamu hiyo haimo. Niliandika tu kwamba "alipata riziki kidogo katika sanaa." Sentensi hiyo bado inanichoma kuliko nyingine zote, kwa sababu ni nzuri.

Nilipomaliza kuondoa, nikabaki na mtu mwembamba sana. Nikaanza kuongeza. Nilitunga usiku ndani ya kambi: mfungwa mgonjwa analia, Husen anakaa pembeni mwa kitanda chake cha mbao na kumbembeleza kwa wimbo wa Kiswahili wa kulaza watoto, na bweni zima linanyamaza kusikiliza lugha lisiyoijua. Hakuna shahidi wa usiku huo. Hakuna barua wala kumbukumbu ya mfungwa mwenzake. Ni mimi, kompyuta yangu na kikombe cha chai. Walioniandikia kwamba walilia, wote walilia hapo.

Wala siwezi kusema nilitunga kwa kukosa la kuandika. Sachsenhausen, pale Oranienburg kaskazini mwa Berlin, ilifunguliwa mwaka 1936, na hadi 1945 zaidi ya watu 200,000 walifungwa humo. Makumi ya maelfu walikufa. Haikuwa kambi ya maangamizi kama Treblinka au Birkenau, ambako treni zilileta watu moja kwa moja kwenye gesi, lakini mauaji ya halaiki yalifanyika humo pia. Kulikuwa na njia ya kujaribia viatu iliyozunguka uwanja wa gwaride, ambako wafungwa walitembezwa hadi kilomita 40 kwa siku ili viwanda vijue soli ipi inadumu. Na majira yale yale ya 1941 ambayo Husen alifikishwa, SS walikuwa wakiwaua humo mateka wa vita wa Kisovieti. Waliua zaidi ya 10,000 katika wiki chache. Mateka aliingizwa kwenye chumba kilichotengenezwa kama cha daktari, akasimamishwa kwenye kipimo cha urefu, na risasi ya shingo ikapitishwa kwenye tundu lililokuwa nyuma yake. Muziki ulipigwa ili wanaosubiri wasisikie. Hivyo ndivyo kambi ilivyokuwa siku mtu wetu alipopita kwenye lango. Nilikuwa nayo hayo yote mezani, nikachagua wimbo wa kulaza watoto.

Miezi kadhaa baada ya makala kutoka, mwalimu wa historia wa sekondari moja, ambayo sitaitaja, aliniandikia kwamba wanafunzi wake wametunga mchezo wa kuigiza kutokana nayo. Alinialika. Nikaenda, nikapewa kiti cha mbele karibu na mkuu wa shule. Wanafunzi waliniamini kabisa, kisha wakasonga mbele zaidi yangu. Kwa kuwa sikuitaja sare, wao waliitia, lakini Husen wao aliivua jukwaani na kuikanyaga. Kwa kuwa sikuitaja *Carl Peters*, mmoja wao aliyekuwa amesoma kidogo mtandaoni aliingiza mtu wa filamu anayemwomba Husen acheze; Husen akamjibu kwamba hawezi kumtumikia Mkono wa Damu, na ukumbi ukalipuka kwa vifijo. Alikamatwa kwa ajili ya jibu hilo. Ndani ya kambi aliimba wimbo wangu, msichana wa kidato cha tatu akiuimba kwa sauti ambayo sijui aliitoa wapi, na akinamama walioalikwa wakatoa leso.

Nilipiga makofi. Nilisimama na kupiga makofi, kisha nikaombwa kusema neno, nikasema neno. Niliwaambia wamemrudisha nyumbani ndugu yetu. Ile ndiyo siku ambayo kosa la kalamu liligeuka kuwa la mdomo na la mikono, na ndiyo siku ninayoitaja ninapojiuliza nilianza kudanganya lini hasa. Mkononi nilikuwa na nafasi ya kusema "watoto wangu, hakukataa ile filamu." Maneno matano. Sikuyasema, kwa sababu yangeniaibisha mimi, si Husen.

Kwa muda mrefu nilijitetea kwa desturi. Tumefundishwa tuwataje wafu wetu kwa mema yao, na ni desturi njema. Lakini nilipofikiri zaidi niliona nimeidhulumu hata hiyo. Kwenye msiba, anayesema marehemu alikuwa mcheshi anawaambia watu waliomjua. Waliokaa kwenye mkeka wanajua na yale asiyoyasema, na kila mmoja anajijazia. Tena kabla jeneza halijanyanyuliwa, msemaji wa familia hutangaza hadharani kwamba mwenye kumdai marehemu awaone wafiwa. Deni linatajwa mbele ya maiti, na hakuna anayeona kwamba marehemu ametukanwa. Wasomaji wangu hawakumjua Husen. Hawakuwa na cha kujijazia. Nilichowapa ndicho kilichokuwa chote.

Sababu ya kweli, nadhani, ilikuwa hofu. Niliogopa kwamba wakijua alivaa sare ile, akacheza filamu ile, akamsaliti mkewe, hawatamsikitikia. Ukiichambua hofu hiyo unakuta hesabu mbaya ndani yake: kwamba mtu anayestahili kukumbukwa ni yule aliyekuwa mwema vya kutosha, na kifo cha kambini kinauma kulingana na adabu ya aliyekufa. Wanazi walikuwa na orodha yao ya nani anastahili kuishi. Mimi nikatengeneza ya nani anastahili kuliliwa. Sisemi ni kitu kimoja, maana hakuna aliyekufa kwa makala yangu. Lakini nilikuwa nikichuja watu, na sikuwa nimeombwa.

Wanaofanya kazi hii kwa miaka mingi hawachuji hivyo. Yad Vashem, taasisi ya Jerusalem inayowakumbuka Wayahudi waliouawa, imekuwa tangu miaka ya 1950 ikikusanya karatasi za ushahidi ambazo ndugu, rafiki au jirani huzijaza kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Karatasi inauliza jina, wazazi, mwenzi wa ndoa, kazi, alipoishi kabla ya vita, alipouawa. Haina mstari wa sifa. Fundi cherehani anaandikwa fundi cherehani. Auschwitz peke yake waliuawa watu wapatao milioni 1.1, wengi wao wakiwa Wayahudi walioteremshwa kwenye treni na kuuawa siku ile ile bila hata kuandikishwa; kwa wengi wao karatasi kama hiyo ndiyo yote iliyopo. Sachsenhausen, ambako SS waliharibu nyaraka zao kabla ya kukimbia mwaka 1945, kuna kitabu cha waliofariki chenye majina zaidi ya 20,000 yaliyokusanywa kwa kuunganisha vipande vya kumbukumbu kutoka huku na kule. Na huko Berlin, Brunnenstraße namba 193, tangu mwaka 2007 kuna kibao cha shaba cha sentimita kumi kwa kumi kilichozamishwa kwenye njia ya waendao kwa miguu. Ni kimoja kati ya vile vya msanii Gunter Demnig, ambaye tangu miaka ya 1990 ameshaviweka zaidi ya 100,000 Ulaya nzima mbele ya nyumba walizoishi waliouawa. Husen ana chake. Kinasema aliishi hapo na yaliyompata. Basi.

Husen ana bahati moja ambayo maelfu hawana, kama neno bahati linafaa hapa. Aliacha karatasi. Na aliziacha kwa sababu ya tabia zile zile nilizozionea haya. Mtu asiyedai hana faili. Yeye alidai mshahara, alidai nishani, alidai nafasi jeshini, kila mara akiandika kwa Kijerumani safi kwa maofisa ambao kila mara walimjibu hapana. Mwanahistoria Marianne Bechhaus-Gerst aliandika kitabu kizima juu ya maisha yake, kilichotoka mwaka 2007, na Eva Knopf akatengeneza filamu ya maandishi mwaka 2013 akimfuata kwenye zile sehemu zake ndogo ndogo, nyuma ya mabega ya waigizaji wakubwa. Niliyoyafuta mimi ndiyo yaliyowawezesha wengine kumpata. Bila madai yake na sinema zake, Husen angekuwa jina tu.

Sisi tunamjua mtu wa aina hiyo. Tumekua tukiwaona wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, wakipanda ngazi za ofisi miaka nenda miaka rudi na bahasha zimechakaa kwapani. Hatukuwaita vibaraka kwa kuwa walimtumikia mwajiri aliyekufa. Tuliwaita watu wanaodai chao. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi ilikubali hatimaye kuwalipa askari wazee wa Tanganyika waliokuwa wangali hai, na husimuliwa kwamba kule Mwanza wengi walikuja bila cheti chochote, hivyo wakapewa ufagio na kuamrishwa kwa Kijerumani wafanye gwaride la bunduki, na hakuna aliyekosea amri. Mwaka huo Husen angekuwa na miaka sitini. Angesimama kwenye foleni, na nadhani angekuja na nakala za barua zote tangu 1929.

Lakini nijihadhari. Baada ya kumfanya malaika nisije nikamfanya mkimbizi wa njaa asiyekuwa na hiari. Ni kweli kwamba sare ilimlinda kidogo: Mwafrika kutoka koloni la zamani hakuwa na uraia wa Kijerumani, na kuonekana askari mtiifu kulikuwa aina ya kibali cha kuishi. Ni kweli kwamba Haus Vaterland walimwachisha kazi mwaka 1935 na alikuwa na watoto wa kulisha. Lakini hakuna aliyemlazimisha kununua zile alama dukani. Nadhani alizipenda. Nadhani alikuwa mtoto wa miaka kumi aliyeingia vitani na baba yake na kuamini alichoambiwa kule, kwamba utiifu hulipwa, na aliendelea kuamini hata pale ambapo mwenye akili angekwisha acha. Upumbavu huo haukumfungulia lango la kambi wala haukulifunga. Lango lilifunguliwa na dola iliyoona mtu mweusi kitandani na mwanamke mweupe ni jinai.

Mwaka huu nimewaandikia wahariri wa makala ile, nimewapa masahihisho kwa urefu, na nimewaomba waiondoe kabisa ile sehemu ya wimbo. Wamekubali masahihisho, kuhusu wimbo wamesema ndio ulioifanya makala isomwe, na bado tunabishana. Niliona aibu zaidi kumwandikia yule mwalimu, nikachelewa, kisha nikaandika. Nilimweleza kila kitu, hata makofi yangu.

Jibu lake lilikuwa fupi na bila hasira, jambo lililonisumbua kuliko hasira. Alisema kundi la kwanza limeshamaliza shule na limekwenda na Husen wangu, hilo halirudi. Kundi la sasa aliwasomea barua yangu darasani. Waligawanyika: wengine hawataki tena kuigiza mtu aliyecheza na akina Peters, wengine wanasema huyu wa pili anafurahisha zaidi kwa kuwa hajulikani atafanya nini. Walioshinda wameanza kuandika onyesho la kaunta ya Wizara mwaka 1929, karani upande mmoja na Husen upande wa pili akidai mshahara wa baba yake. Mwalimu anauliza maswali ambayo mimi sikuwahi kujiuliza. Karani asimame au akae? Husen amwite nani, bwana mkubwa? Na wazungumze lugha gani, maana kijana anayecheza karani amezoea kuigiza Mzungu kwa Kiswahili kibovu, na darasa zima hucheka.

Nimemjibu kwamba karani akae. Kiswahili kibovu kisiwepo. Husen alikijua Kijerumani vizuri, kwa hiyo wote wawili wazungumze Kiswahili sanifu, bila mzaha, kama watu wanaoelewana kila neno. Na Husen awe na karatasi zake mkononi, nyingi, zilizopangwa kwa tarehe.